Kifaranga Asiyeweza Kusimama

Msomaji, tuseme umewekewa kifaranga mkononi. Ameanguliwa asubuhi hii. Manyoya yake hayajakauka vizuri, na uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya uzito wa yai alimotoka. Ndugu zake wamekwisha kusimama, nao wanamzunguka mama yao. Yeye miguu yake imetanuka huku na huku, mmoja mashariki na mmoja magharibi, na kila ajaribupo kuinuka huangukia kifua. Hakuomba kuja duniani, wala wewe hukuomba kuletewa. Walakini yupo, na macho yake yamefunguka. Utafanya nini?

Yamkini utacheka. Utasema kwamba hili ni jambo la uani, si la kuandikiwa insha. Kwamba vifaranga huanguliwa kwa maelfu kila siku, aliye dhaifu hufa, na dunia haisimami. Nakubali kwamba dunia haisimami. Lakini yako maswali ambayo yakiulizwa juu ya wanadamu hupata majibu ya haraka kutoka katika sheria, desturi na hofu ya majirani, hata mtu asijue kama jibu alilotoa ni lake au ameliazima. Swali la kifaranga halina hakimu. Hapana atakayekushitaki ukimtupa, wala atakayekusifu ukimtunza. Kwa hiyo utakalolitenda hapo litakuwa lako mwenyewe, nami nimeliona likitendwa mahali ambapo kila jibu lilikuwa na gharama yake.

Mahali penyewe ni Taru, katika nyika ya Kwale, baina ya Samburu na Mackinnon Road, kandokando ya barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Taita na Kilimanjaro ilipumzika hapa kwa ajili ya maji ya mvua yaliyotuama katika mashimo ya miamba. Na reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, maji ya wafanyakazi yalilazimika kubebwa kwa treni ili kuivuka nyika hii. Wenyeji wake wengi ni Waduruma, watu wa ng'ombe na mbuzi, wanaopanda mahindi na kunde pindi mvua ikubalipo. Nilifika huko mwishoni mwa mwaka 2022, na mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu. Maji ya silanga yalikuwa yamebaki tope katikati, na akina mama walitoka usiku wa manane ili kuwahi foleni ya bomba.

Nilikuwa mgeni katika nyumba ya bibi mmoja mzee aliyekaa na mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili. Kuku wao mmoja alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili chini ya ghala. Kuku hukaa juu ya mayai siku 21. Na siku hizo zilipotimia vifaranga tisa walitoka, wawili kati yao wakiwa na kasoro. Huyo wa kwanza ndiye niliyekuwekea mkononi. Wa pili nitamtaja baadaye, kwa kuwa habari yake ni nzito zaidi.

Yai la kumi lilikuwa limetobolewa kwa ndani, na mdomo ulionekana ukipumua tunduni. Msichana alinyosha mkono alibandue ganda amsaidie mwenyewe atoke. Bibi alimpiga mkono. Mimi nilidhani huo ni ukali wa uzee, lakini bibi alikuwa akijua lile ambalo wataalamu wa kuku wanalieleza kwa maneno marefu: kwamba kifaranga akiisha toboa ganda hupumzika saa nyingi, pengine karibu siku nzima, akiivuta damu iliyomo katika utando na kukimeza tumboni kiini cha yai kilichosalia. Ukimbandua kabla ya wakati huchana mishipa, naye hutokwa damu mbele ya macho yako ukiwa umekusudia mema. Jambo hili lihifadhi, kwa sababu tutalihitaji. Mtu anaweza kumwua kiumbe kwa haraka ya kumsaidia.

Siku ya pili kuku aliinuka kitini pake akatoka na wanaoweza kumfuata. Yule mwenye miguu iliyotanuka alilia kiotani, na mama yake aligeuza kichwa mara moja, kisha akaenda zake. Usimhukumu. Angalipo mwewe juu na nguchiro kichakani, kuku anayemngoja mmoja huwaponza saba. Tena hakuondoka kwa papara: kile kiini kilichomezwa humlisha kifaranga kwa muda wa siku mbili hivi, na mama hukaa muda huo akiwangoja wa nyuma. Baada ya hapo njaa huanza, naye hana budi kuwaongoza wengine chakulani.

"Mtupe," alisema bibi.

"Bibi, huyu hajafa."

"Najua hajafa. Mimi sikusema amekufa. Nasema maji."

Msomaji, usiipite mbio hoja hii kwa kuwa imesemwa kwa neno moja. Mtungi wa lita 20 ulikuwa umemgharimu msichana usingizi wa usiku mzima. Katika maji hayo walikunywa watu watatu, mmoja wao mgeni asiyeleta kitu, na mbuzi wanne waliobaki. Mbuzi ndio karo ya shule. Bibi hakuwa na chuki na kifaranga; alikuwa na hesabu, na ndani ya hesabu hiyo mjukuu wake alisimama mahali pa kwanza. Mtu aliyeshiba akiwa mjini anaweza kuandika kwamba kila uhai una haki sawa, kisha akafungua mfereji anawe mikono. Mimi ningemwomba aje ayaseme maneno hayo mbele ya mtungi ule.

Msichana hakumjibu bibi yake kwa hoja. Aliuliza, "Anakunywa kiasi gani?"

Sijapata kusikia swali lililo bora kuliko hilo katika mijadala yote ya wema na uovu. Sisi tulikuwa tumeanza kupima uhai kwa uhai, haki kwa haki, na kumbe hapana aliyekuwa amepima maji. Kifaranga wa siku mbili anakunywa matone. Chakula chake cha siku nzima hakijazi kijiko. Alichohitaji kwa wingi hakikuwamo mtungini wala ghalani: alihitaji mtu wa kumwangalia mara kwa mara, kumgeuza, kumchovya mdomo majini, na kumweka penye joto jua likichwa. Mara nyingi tusemapo kwamba hatuna uwezo wa kumtunza mtu, tukihesabu kwa uaminifu tutaona kwamba kilichopungua si mali bali nafasi katika siku zetu, nasi tumeona haya kukiri.

Alichokifanya msichana nitakieleza kwa urefu, kwa sababu huruma isiyojua kazi ya mikono ni maneno matupu. Alichana ukingo wa leso kuukuu, utepe mwembamba usiozidi upana wa kidole. Akaifunga miguu ya kifaranga kwa umbo la pingu, juu kidogo ya vidole, akiacha kati yake nafasi ya kumwezesha kusimama na kupiga hatua ndogo. Hakukaza. Utepe ukikaza damu haipiti, na mguu ulioteguka hugeuka mguu uliokufa. Akamweka ndani ya katoni juu ya gunia, wala si juu ya karatasi, kwa kuwa karatasi huteleza, na utelezi peke yake waweza kuipanua miguu ya kifaranga aliyezaliwa mzima. Maji aliyatia katika kifuniko cha chupa pamoja na vijiwe, asije akazama. Kisha akamchukua kifaranga mmoja mzima akamtia pamoja naye, kwa sababu aliyekaa peke yake siku nyingi akirudishwa kundini hudonolewa kama mgeni.

Haya yote lazima yafanyike katika siku za kwanza. Mifupa na mishipa ya kifaranga mchanga bado ni laini, inakubali kuelekezwa. Wiki ikipita imekwisha kukubali upotofu wake. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tumezoea kulitumia neno hilo juu ya kuwachapa watoto. Lakini hapa lilikuwa likisemwa juu ya miguu.

Sasa niseme habari ya yule wa pili. Huyo kitovu chake hakikufunga. Sehemu ya matumbo ilikuwa nje, imekauka na kuingia mchanga, na siafu wa kwanza walikuwa wamekwisha kumpata. Alikuwa hai. Msichana alitaka kumtia katika katoni ileile, naye alikwisha kuchana utepe wa pili. Bibi alimtazama kifaranga kwa kitambo, akamchukua bila neno akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Msichana hakusema na bibi yake mpaka usiku.

Nilijiuliza siku ile, na sasa nakuuliza wewe: je, bibi aliyekosea juu ya wa kwanza alikosea pia juu ya wa pili? Naamini hakukosea. Kwa yule wa kwanza palikuwa na dawa, nayo ilikuwa utepe wa nguo. Kwa wa pili hapakuwa na lolote ila saa kadhaa za maumivu, na kumweka katonini kungekuwa ni kumlisha yule msichana faraja kwa mateso ya kiumbe mwingine. Iko huruma inayotaka aonewaye apone, na iko huruma inayotaka sisi tusionekane wabaya mbele ya nafsi zetu. Zinafanana uso hata ndugu hawazitofautishi.

Lakini nikisema hivyo nimefungua mlango wa hatari, wala sitakuacha uupite peke yako. Kwani ikiwa yako maisha ambayo ni huruma kuyamaliza, nani atakayechora mstari, na atauchora wapi? Katika Kiswahili chetu limo neno kijego. Ni jina la mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi, na katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki hapo kale alitolewa uhai wake. Meno, msomaji! Kasoro isiyomzuia mtoto kula, wala kucheka, wala kumwita mama yake. Waliomwua hawakujiona wauaji. Walijiona walinzi wa ukoo. Wala usidhani kwamba elimu peke yake hutuponya. Mwaka 1939 serikali ya Hitler katika Ujerumani, nchi ya vyuo vikuu na madaktari mashuhuri, ilianza kuwaua wagonjwa wa akili na watoto waliozaliwa na ulemavu. Kufikia Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi katika majumba sita. Waraka ulioruhusu jambo hilo haukutumia neno kuua. Ulisema kifo cha huruma.

Ndiyo sababu nasema kwamba kifaranga si mtu, na mfano huu una mpaka. Bibi wa Taru alikuwa na haki ya kukata shauri juu ya kifaranga kwa kuwa kifaranga hawezi kujisemea, wala hana ndoto ya kesho itakayokatizwa, wala hakutolewa uhai kwa faida ya mtu. Mwanadamu hapimwi kwa mizani hiyo, hata awe mchanga, hata awe bubu, hata awe hawezi kunyanyua mkono. Asemaye kwamba fulani ni mzigo amesema habari za mabega yake mwenyewe, si habari za fulani.

Itazame lugha yako. Kilema, kipofu, kiziwi, kiwete: maneno haya yote yamevikwa ki- ileile ya kiti na kijiko, kana kwamba aliyepungukiwa na kiungo amepungukiwa na utu. Lakini itamke sentensi nzima. Hatusemi kipofu kimekuja. Twasema kipofu amekuja. Mwanzo wa neno unamshusha katika vitu, na kitendo kinamwinua kumrudisha kwa watu. Sijui kama wahenga walikusudia, ila kila siku tusemapo tunafanya mambo hayo mawili kwa pumzi moja. Siku hizi wengi huchagua kusema mtu mwenye ulemavu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Wapo wanaoona kwamba hayo ni maneno tu. Kifaranga naye ana ki- yake, na mtu aliyezoea kusema kitupe hukawia sana kuuliza kinakunywa kiasi gani.

Lakini ule utepe wa leso, hakika huo unavuka mpaka. Wapo watoto wanaozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, hata wakikua hukanyaga kwa ubavu wa mguu. Daktari mmoja Mhispania, Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi katika Iowa huko Marekani, alionyesha katikati ya karne ya 20 kwamba si lazima miguu hiyo ipasuliwe sana kwa kisu. Mguu wa mtoto mchanga hunyoshwa kwa mkono kidogo kidogo na kufungwa plasta, ikabadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Kisha mtoto huvalishwa usiku viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, kwa miaka kadhaa, mguu usirudi ulikotoka. Njia hiyo yatumika leo katika hospitali za Kenya. Mtoto wa namna hiyo akichelewa kupelekwa, mara nyingi si kwa sababu ya ubahili wa wazazi. Huchelewa kwa sababu mtu mzima fulani mwenye kuheshimiwa alitazama miguu ile akasema, ndivyo alivyozaliwa.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alifundisha kwamba tusiwatese wanyama kwa sababu anayewatesa huzoea ukatili, na mwisho huwatesa watu. Kwa fikira hiyo kifaranga ni kama ubao wa kujifunzia: tunaandika juu yake wema ambao baadaye tutawapa wanadamu. Fikira hii ina kweli ndani yake, nami nimeitumia sasa hivi. Walakini hainiridhishi. Yule msichana hakuwa akifanya mazoezi. Alimwona kiumbe anayejaribu kusimama na kuanguka, akajaribu na kuanguka, na hiyo ilimtosha kuwa sababu. Kama duniani pasingekuwa na mtoto hata mmoja mwenye mguu uliogeuka, kifaranga yule bado angeanguka kifudifudi, na bado ingekuwa heri kwake kusimama.

Siku ya nne utepe ulifunguliwa. Kifaranga alisimama, akayumba, akatembea hatua sita na kuketi. Mguu wa kulia ulikuwa umenyoka. Wa kushoto ulibaki na kidole kimoja kilichojikunja ndani, na hicho hakikunyoka tena. Usiku ule msichana aliwachukua wote wawili waliokuwa katonini akawapenyeza chini ya mbawa za kuku gizani, kwa kuwa kuku aliyesinzia hahesabu wanawe. Kulipopambazuka alitoka nao wote. Yule mwenye kidole kilichojikunja alikuwa wa mwisho katika safu, na katika siku zote nilizokaa alikuwa wa mwisho.

Nilirudi Taru baada ya mwaka, mwishoni mwa 2023, mvua kubwa zikiwa zimenyesha na nyika yote imekuwa kijani hata sikuitambua njia. Mnunuzi wa kuku alikuwa amefika na pikipiki yake iliyofungwa tenga, na bibi alikuwa akiuza tembe watatu kwa ajili ya madaftari na sare za Januari. Mnunuzi alimshika mmoja, akamgeuza, akauona mguu wa kushoto.

"Huyu ana kasoro, bibi. Mpunguze."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni, wala hakusema kitu. Bibi alikuwa akipepeta kunde, na hakuinua uso.

"Bei ni ileile," alisema.

Mnunuzi alicheka, akamrudisha chini yule kuku, akachagua mwingine. Tembe akajikung'uta manyoya, akaenda akichechemea mpaka kwenye majivu ya jiko, akaanza kupekua.